Upande wa Kazini

1

Walimwingiza Lushinge kwa kumburuta miguu, kichwa kikigonga kila ngazi ya karakana, na damu yake ikaacha mstari kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya Kashindye. Kashindye alikuwa amekwisha kusikia kelele zao tangu sokoni. Alisikia pia zilivyotulia mara mbili njiani, na alijua kilichozituliza. Walinzi wawili walioshikwa pamoja na Lushinge, shemeji yake, hawakufika.

"Mfungue kichwa," alisema Saguda. Saguda alikuwa mchimbaji, mtu wa kifua kipana na sauti ndogo, na mdogo wake wa tumbo moja alikuwa chini ya ardhi tangu jana. "Ukishindwa wewe, tutamfungua sisi kwa nyundo."

Lushinge aliinua uso. Jicho moja lilikuwa limeziba kwa uvimbe. Alimwambia Kashindye, kwa adabu ile ile aliyomsalimia nayo siku zote, kwamba hajui wanachomuuliza. Jana asubuhi alitoka nyumbani akafika langoni, halafu akajikuta amelala kwenye vumbi, lango liko wazi na ndege za Kampuni zimeshaondoka. Kabla hajamaliza mtu mmoja alimchapa fimbo ya mdomo, na jino likadondoka sakafuni.

"Acheni kumpiga," alisema Kashindye, na walipomcheka alipandisha sauti. Hakuwa akimwonea huruma. Mwanawe wa pekee, Mhoja, alikuwa miongoni mwa wachimbaji waliogoma jana, na huruma yote aliyokuwa nayo ilikuwa imemwishia huko. "Kila fimbo mnayompiga inaandikwa. Na inaandikwa juu ya kile kile mnachokitafuta. Mmeshaharibu vya kutosha."

Fimbo zikasimama, maana hilo hakuna aliyelijua.

Kila mlinzi wa machimbo ya Nhumbili alikuwa na diski nyuma ya sikio, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na diski hiyo iligawanywa pande mbili. Upande wa nyumbani ulishika mke, watoto, shamba na mpira wa Jumapili. Upande wa kazini ulishika rungu, bunduki na yale yanayofanywa kwa vitu hivyo. Katikati palikuwa na sehemu ndogo ya wote wawili, ambayo mafundi waliiita ukumbi, na humo zilikaa lugha, kutembea na namna ya kushika kijiko. Mtu akivuka lango, upande mmoja unalala na mwingine unaamka. Jioni alirudi kwa mkewe akiwa ameoga vizuri, na hajui alichokiosha ni nini. Kampuni ilisema ni kwa ajili ya amani ya familia. Wake walishukuru, na Kashindye, fundi aliyewagawa karibu wote, alipokea shukrani zao bila aibu yoyote.

Jana wachimbaji walipogoma, walinzi waliwasukumia ndani ya shimo mojawapo kati ya mashimo ya kale yaliyotapakaa mlimani, kisha wakalipua mdomo wake. Leo asubuhi Kampuni ikafuta pande za kazini za walinzi wote kwa mpigo mmoja, ikapanda ndege. Mlima ulikuwa na mashimo mengi kuliko nyumba za mji, mengi yao yameporomoka tangu zamani, na hapakuwa na kichwa kilichojua lipi ndilo lenye watu.

"Kwani kimefutwa au hakijafutwa?" aliuliza Saguda.

Kashindye alimweleza huku akimkata Lushinge nywele nyuma ya sikio. Anayefuta upande hachomi kilichomo. Anafuta mpaka tu, ile alama inayosema hapa panaanza na pale panaisha. Vitu vyote vinabaki vilipokuwa, ila mahali penyewe panahesabiwa kuwa uwanja wazi, na kumbukumbu mpya inayotafuta pa kukaa inajijengea hapo. Mtu aliyelala anajenga kidogo. Mtu anayeburutwa mji mzima, akiwaona wenzake wanauawa mbele yake, anajenga haraka sana.

Saguda aliitazama fimbo yake, akaiegemeza ukutani. Aliwasukuma wenzake wote nje, akabaki yeye peke yake mlangoni.

2

Kashindye alimfunga Lushinge kwenye kiti kwa mikanda ya mashine ya kusaga, kwa kuwa hakuwa na mingine migumu kuliko hiyo. Halafu akamwambia ukweli, kwamba humo ndani kuna mtu mwingine, na akimrudisha hajui atakuja na nini.

"Mhoja yuko huko, shemeji?"

"Yuko huko."

"Basi mrudishe. Usiniulize tena."

Lushinge ndiye aliyemfundisha Mhoja kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake ameshika kiti, jasho likimtoka na mtoto akimzomea. Kashindye alilikumbuka hilo. Alichomeka waya.

Kwenye skrini upande wa nyumbani ulikuwa umejaa na kupangika. Baada yake uwanja mweupe. Aliupekua uwanja ule kipande kwa kipande akitafuta alama ya mwanzo wa upande uliofutwa, na kila alipopata dalili aliikuta imekanyagwa na vitu vya leo: vumbi la langoni, sauti za watu, fuvu la mlinzi mwenzake likipasuliwa kwa jiwe. Alama ya mwanzo ilikuwa imeliwa nusu. Aliandika nyingine kwa mkono, akikisia, kisha akaandika ya mwisho.

Kabla ya kugeuza ufunguo, kile kifaa cha mkononi kinachogawa kichwa na kuamsha upande, alisita kwa jambo moja. Watu wa Nhumbili hawataji jina la mtoto mahali panapomwagika damu. Hata wachinjaji machinjioni huitana kwa majina ya utani, na mwenye mtoto hamtaji mpaka anawe. Siku Kashindye alipomgawa Lushinge, mdogo wake Ng'walu, mke wa Lushinge, alikuja akampigia magoti. Nyuso na majina ya wanangu, alimwomba, na ya ndugu zetu wote, yasikanyage kule. Mafundi wa miji mingine waliweka nyuso ukumbini, pande zote zizione. Kashindye aliziweka nyumbani peke yake, akaona ni jambo jema, na baada ya hapo akafanya hivyo hivyo kwa kila mlinzi aliyekaa kwenye kiti kile. Kwa hiyo huyu anayemwamsha sasa hakumjua yeye wala mwanawe. Aligeuza ufunguo.

Mwili kwenye kiti ulijinyoosha. Jicho moja zima lilizunguka chumba likahesabu mlango, dirisha, mtu mmoja mwenye mikono mitupu, mwanamke mmoja mwenye waya.

"Lango liko wapi?" aliuliza. Sauti ilikuwa ya Lushinge, ila imenyolewa adabu yote. Upande wa kazini haukuwa na jina. Kampuni iliwaita wote Afande.

"Wale wachimbaji," alisema Kashindye. "Mliwafungia shimo lipi?"

Afande alitema damu, akaonja pengo la jino kwa ulimi. Hakuwa mjinga. Alisema anaona amefungwa, anaona waya, kwa hiyo huyu ni fundi, na fundi hamwamshi mtu aliyefutwa ila akiwa na shida. Akishasema atafutwa tena, na safari hii kwa moto.

"Unajua mimi sijawahi kulala?" alisema Afande. "Huyu mwingine analala. Mimi nikitoka langoni, naingia langoni. Sijawahi kula chakula cha mtu aliyenipikia. Tangu mniumbe nina siku moja tu, ndefu, na humo hamna kitu ila kupiga. Mfute yeye. Nipe diski nzima, niwe mtu kama watu. Nitakupeleka hadi kwenye shimo kwa miguu yangu."

Mlangoni Saguda alisema, "Mfute. Unangoja nini?"

Kashindye aliona chuki inampanda, na chini ya chuki palikuwa na kitu kibaya zaidi, maana madai ya yule mtu hayakuwa ya kipuuzi. Ni nani aliyemchukua mume wa Ng'walu akakata kutoka kwake kiumbe cha kupiga tu? Ni yeye, kwa mikono hii hii, na jioni yake alikula ugali akalala. Sasa upande mmoja kulikuwa na mwanamume mpole asiye na kosa analolijua, na upande mwingine kulikuwa na Mhoja na wenzake, wakivuta hewa inayokwisha.

Tusimpambe. Alikubali. Alimpima shemeji yake na mwanawe, Lushinge akawa mwepesi. Alisogeza kidole kwenye upande wa nyumbani, akachagua kufuta, na mashine ikamwonyesha kilichomo, kama inavyofanya siku zote kabla ya kumwuliza mtu kama ana hakika. Nyuso zilipita. Ng'walu ametoka kusuka. Watoto. Yeye mwenyewe, ametabasamu kwa namna asiyojua kwamba anatabasamu. Mhoja juu ya baiskeli, mdogo, amefumba macho.

Hapo akili ilimrudia. Akizichoma nyuso hizi, atakayepanda mlimani ni mtu asiyemjua hata mmoja duniani. Mtu wa namna hiyo amwambie ukweli kwa sababu gani?

Ilibaki njia ambayo mafundi walikatazwa hata kuijaribu, nayo ni kuung'oa ukuta wenyewe, pande zote mbili ziwe chumba kimoja. Katika mafunzo alionyeshwa mtu aliyeng'olewa ukuta. Alikuwa amejitafuna ulimi. Kashindye aliondoa kidole kwenye kufuta, akakipeleka kwenye ukuta.

Afande aliona. Alifunzwa kutazama mikono ya watu.

Mkanda wa kulia ulikatika kwa kishindo, wa kushoto ukafuata. Alinyanyuka na kiti mgongoni, akampiga Kashindye kwa kichwa kwenye pua, na kabla hajaanguka alimdaka koo. Rafu za vifaa ziliporomoka juu yao. Saguda alirusha ngumi mbili, zote zikapata, lakini Afande hakugeuka hata kumtazama. Alimshika mkono uliokuja na ngumi ya tatu, akauweka juu ya ukingo wa meza, akaukandamiza mpaka ukavunjika. Saguda alilia kwa ile sauti yake ndogo akaanguka chini ya meza.

Kashindye alikuwa haoni tena vizuri. Alijaza ngumi vipande vya kioo kutoka sakafuni akamkwangua usoni, na vidole kooni mwake vikazidi kukaza. Alisikia kitu kinatoa mlio ndani ya shingo yake. Waya ulikuwa bado umechomekwa nyuma ya sikio la yule mtu, na skrini ilikuwa imeanguka ubavuni mwa Kashindye, uso wake juu. Aliipapasa. Hakujua kidole kimeangukia wapi, akabonyeza, akabonyeza tena.

Mikono ililegea.

Kashindye alikohoa. Halafu yule mtu alianza kujipiga kichwa sakafuni, polepole kwanza, kisha kwa nguvu zote, na Kashindye aliyekuwa akitambaa kumkimbia akageuka, akamlalia kichwa kwa tumbo lake ili kisipasuke. Walilala hivyo, yeye akivuja damu puani na yule akitikisika chini yake.

"Shemeji," alisema hatimaye.

"Shimo lipi?"

"Nyuma ya nyumba ya pampu. Lile lenye reli zilizopinda. Wachimbe upande wa kushoto, kulia kuna baruti haijalipuka."

Saguda alikuwa ameshasimama, mkono umening'inia. Aliyatoa maneno hayo nje kwa kelele, na kundi zima likatimua mbio kuelekea mlimani. Kashindye naye alijinyanyua. Lushinge alimshika pindo la gauni.

"Mhoja hayumo mle," alisema.

Kashindye aliikamata meza kwa mikono miwili.

"Aligoma kuingia. Alisimama mdomoni mwa shimo akawakinga wenzake. Mimi ndiye niliyetumwa kumtoa. Aliniita baba mdogo. Akaniita mara nyingi, shemeji, na mimi sikujua neno hilo ni la nani."

3

Walichimba kwa sururu, kwa sufuria, kwa mabati ya paa la nyumba ya pampu. Lushinge alichimba kwa kucha mpaka zikang'oka, na hakuna aliyemzuia wala aliyemgusa, kwa kuwa yeye pekee alijua pa kuweka mkono. Wa kwanza kutoka alikuwa mzee aliyepoteza fahamu. Baada yake walitoka wengine, weusi kwa masizi, wakitapika, baadhi wakibebwa na baadhi wakibeba. Wengi walikuwa hai. Mdogo wake Saguda alitoka kwa miguu yake akaomba maji.

Mhoja alikuwa nyuma ya pampu, chini ya turubai, mahali pale pale Lushinge alipopataja. Fuvu lilikuwa limebonyea juu ya sikio kwa kitako cha bunduki, na mkono mmoja ulikuwa umeinuliwa mbele ya uso, ukakauka hivyo. Kashindye alijaribu kuushusha haukushuka. Alimfunika tena, akakaa kando yake kwenye mawe, na kwa muda mrefu alitoa sauti ambayo watu waliokuwa karibu walishindwa kuivumilia wakasogea mbali.

Alipotulia walikuwa wamemleta Lushinge katikati.

Wale walinzi wa asubuhi walipigwa kwa hasira tu, na tayari kulikuwa na watu wanaokwepana macho. Huyu alipaswa kupigwa kwa utaratibu. Huko Nhumbili, aliyemwaga damu ya mji hupigwa na mji mzima, kila mtu fimbo yake moja, ili asiwepo hata mmoja wa kuitwa muuaji. Ila fimbo ya kwanza ni ya mama wa marehemu. Kabla hajaipiga, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuinua mkono, na hakuna aliyekumbuka mama aliyewahi kuwasubirisha watu.

Saguda alimletea fimbo kwa mkono wake mzima. Kashindye aliipokea. Ilikuwa ya mkwaju, imekatwa leo, na alitaka kupiga. Alitaka mpaka mabega yakamwuma. Alimwendea yule mtu akiwa na nguvu za kummaliza kwa pigo lake peke yake, wengine wabaki na kazi ya kupiga maiti.

Lushinge alikuwa amepiga magoti, mikono yake isiyo na kucha imelala mapajani. Hakuwa akiiogopa fimbo. Alikuwa akitazama mfuko wa aproni ya Kashindye, ambamo ufunguo ulitokeza mpini.

"Nigawe tena," alisema. "Dakika moja tu kabla hawajaanza. Nife nikiwa mtu wa nyumbani. Shemeji, siwezi kukaa na kitu hiki, kila nikifumba macho mtoto ananiita. Kiweke upande wa pili ukifute. Ukichome kabisa."

Watu walisikia. Mwanamke mmoja alisema afanyiwe, ni mume wa mtu. Mwingine alisema hata wao itawapunguzia, watakuwa wamempiga Afande tu, Lushinge atakuwa hayumo. Wengi waliitikia kwa vichwa, na Kashindye aliona nyuso zao zinapata nafuu. Aliijua nafuu ile. Ndiyo aliyokuwa akiwapa wake za walinzi miaka yote, na ndiyo iliyomuua mwanawe.

Alitoa ufunguo mfukoni. Lushinge aliinamisha kichwa, akamgeuzia mwenyewe nyuma ya sikio.

Kashindye aliuweka ufunguo juu ya jiwe la reli, akachukua jiwe jingine, akaupiga mpaka ukawa vipande vya chuma na nyuzi.

"Wewe ndiye wa mwisho kuwa na mwanangu," alisema. Koo lilikuwa limevimba na sauti ilitoka kwa shida, hata walio nyuma wakasogea ili wamsikie. "Alichosema, alivyosimama, alivyokutazama. Hayo hayapo kwangu. Hayapo kwa mtu yeyote aliye hai isipokuwa wewe. Unataka niyachome?"

Lushinge alianza kulia, akatikisa kichwa, akasema hawezi, hataweza. Saguda aliita kwa upole kutoka nyuma, akamkumbusha kwamba jua linakwenda na watu wanangoja.

"Wangoje," alisema Kashindye.

Alikaa chini, pale pale kwenye mawe, mbele ya mtu aliyemuua mwanawe, magoti yao yakikaribia kugusana. Fimbo ya kwanza aliilaza mapajani mwake na kuikunjia mikono yote miwili. Nyuma yake mji mzima ulisimama na fimbo zake, ukashindwa kupiga na ukashindwa kuondoka.

"Anza alipotokea," alimwambia. "Alikuwa amevaa nini. Alisema nini kwanza. Usiruke kitu, na usinionee huruma."

Lushinge alijifuta pua kwa mkono wenye udongo. Alifumba macho, akayafumbua, akaanza kusema.